Maji Miguuni mwa Abiria

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu kifaa ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona kwa macho yao, kwa kuwa kimefichwa ndani ya sanduku la plastiki nyuma ya dashibodi, mbele ya miguu ya abiria, nacho ni rejeta ya hita. Na hasa nataka tuitazame inapokuwa imetoboka katika pikapu iliyokwisha kula chumvi nyingi. Hitilafu hii, ijapokuwa huanza kwa tone moja moja, imewafanya watu wengi watoe fedha zao kununua vitu vipya mahali pa vitu vizima. Na wengine, waliolipata tundu lenyewe wakalipia rejeta mpya, hawakuuliza ni nini kilichoitoboa ile ya kwanza, basi baada ya muda si mrefu zulia lao likalowa tena vile vile.

Yatupasa kwanza tujue maji haya hufuata njia gani. Injini huzaa joto jingi kupita haja yake, na sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na maji hadi kwenye rejeta kubwa iliyo mbele ya gari, likatupwa hewani. Hita haina moto wake yenyewe. Hukopa tu katika joto hilo ambalo lingepotea bure. Maji yenye joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi hutoka karibu na silinda hedi, yakapita katika mpira mmoja, yakapenya ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha dereva, yakaingia katika rejeta hiyo ndogo, ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja, yakagawanyika katika mirija yake myembamba iliyoshikana na vibati, kisha yakatoka kwa mpira wa pili kurudi upande wa pampu unaovuta maji. Feni hupuliza hewa katikati ya vibati hivyo, na hewa ikiisha kupata joto huongozwa na vilango vidogo, ama miguuni, ama kifuani, ama kiooni, kwa kadiri dereva alivyotaka. Hakuna siri kubwa zaidi ya hiyo, ila kwamba maji ya injini, ambayo tumezoea kudhani yamo chini ya boneti tu, kwa hakika yamo pia ndani ya chumba tunamoketi, yenye joto la kuunguza na yenye shinikizo, na pazia pekee lililo kati yake na miguu ya abiria ni mirija ya madini iliyo myembamba mno. Tundu linaloanza kwa tone laweza siku moja, gari likipanda mlima na shinikizo likizidi, kupasuka likawa mfereji. Na anayeketi upande ule aghalabu ni mama aliyempakata mtoto. Ndiyo sababu silioni jambo hili kuwa dogo hata kidogo.

Msikilizaji wa Tanga au Mombasa ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, hita ni ya nini kwa mtu ambaye mchana kutwa anafungua madirisha ili apate upepo. Ni kweli, mafundi wengi wa mwambao, wakiiona rejeta ya hita inavuja, huiondoa katika mzunguko, wakaiunganisha mipira miwili moja kwa moja, na mwenye gari hatambui kama amepungukiwa na kitu. Wala mimi siwalaumu, maadamu mipira imefungwa vyema na kwa klipu nzima. Lakini gari haliishi mahali pamoja. Huuzwa, likapanda Njombe au Makete, Limuru au Kinangop, na huko katika miezi ya Juni na Julai, pumzi za watu watatu waliobanana mbele hugeuka ukungu kiooni kabla jua halijachomoza, dereva akawa anafuta kwa kiganja huku anateremka kona. Na kwa jamaa walioko Minnesota au Manitoba, ambako baridi hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri na kupita, hita ni katika mambo ya uhai. Marekani kanuni ya usalama ya serikali ya shirikisho, nambari 103, inalazimu magari, malori yakiwamo, yaundwe yakiwa na njia ya kuyeyusha barafu na kuondoa ukungu katika kioo cha mbele. Kwa hiyo mfano wangu nimeuchukua huko huko, katika pikapu za Ford F-150 zilizoundwa baina ya 1980 na 1996, ambazo nyingi ziliwekewa ile injini mashuhuri ya lita 4.9 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, gari gumu ambalo mtu mwenye spana chache na subira aweza kulitengeneza mwenyewe.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni harufu. Mtu awasha gari asubuhi, feni ikaanza kuvuma, na humo ndani mkaenea harufu tamu ya kukinaisha, isiyo ya petroli wala ya moshi. Hiyo ni harufu ya kulanti, yaani ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ambayo asili yake ni ethilini glaikoli. Baadaye huja ukungu kiooni, na ukungu huu una tabia yake peke yake. Ukungu wa pumzi huondoka dereva akielekeza hewa ya moto kiooni. Huu wa kulanti huzidi kwa hewa hiyo hiyo, kwa kuwa feni inauchukua mvuke wa kulanti kutoka kwenye rejeta iliyotoboka na kukipaka kioo. Pitisha kidole upande wa ndani wa kioo, chini kabisa, karibu na matundu ya hewa: kidole kitaacha mstari, na ukikisugua kwa kidole gumba utahisi utelezi unaokawia kukauka, hali maji matupu yangekuwa yamekwisha kukauka zamani. Kitambaa kikavu hakiuondoi utando huo, bali huusambaza, na usiku, taa za magari yanayokuja zikiupiga, kioo kizima hugeuka cheupe mbele ya macho ya dereva. Mtu asijaribu kuonja ili apate hakika, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, kwani utamu ule ni wa sumu, nayo huziharibu figo.

Dalili nyingine hufuata kwa zamu yake. Maji katika rejeta kubwa yanapungua, wala chini ya gari hapaonekani tone. Zulia la upande wa abiria lina unyevu usioisha hata wakati wa kiangazi. Na pengine, maji yakiisha kupungua sana, husikika nyuma ya dashibodi sauti ya maji na hewa vikikimbizana, na hita iliyokuwa ikitoa joto ikaanza kutoa ubaridi, kwa sababu hewa imekaa mahali pa maji.

Hata hivyo, maji kuonekana mahali si ithibati kwamba yameingilia hapo. Nahodha wa dau halijui tundu kwa kuyatazama maji yaliyojaa ngamani, maana maji yote huteremkia huko, yawe yameingilia omo au tezi. Hutafuta mshono ulioachia kalafati, ndipo akatia pamba. Zulia la pikapu nalo hali yake ni hiyo, na wapo waliotozwa gharama ya kubandua kioo cha mbele na kutia mpira mpya wa pembeni, kwa kudhani mvua ndiyo iliyoingia, kisha ukungu ukabaki pale pale. Kiyoyozi, gari likiwa nacho, hutoa maji yake ya jasho kupitia kijibomba kinachotokea upande wa injini, na kijibomba hicho kikizibwa na majani na tope, maji hurudi yakamwagikia miguuni. Lakini maji hayo ni safi, hayanuki, hayatelezi, na hutokea siku kiyoyozi kilipotumika. Maji ya mvua hutokea baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, na ukiwa na shaka, mwombe mtu amimine ndoo juu ya kioo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, nawe umelala sakafuni na tochi mkononi. Ama kulanti, katika magari ya zamani aghalabu ina rangi ya kijani, na njia rahisi ya kuitambua ni kuchukua karatasi nyeupe laini, kama ile ya msalani, ukaibana chini ya sanduku la hita kwenye kiungo chake cha chini kabisa, ukaiacha usiku mzima. Asubuhi yake rangi, harufu na utelezi vitakuwa vimekwisha toa ushahidi juu ya karatasi ile.

Baada ya hapo hapana budi tupime. Mafundi wenye vifaa wana pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Nayo hutumiwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa maana kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto ni kujimwagia mvuke usoni. Shinikizo hupandishwa hadi kiasi kilichoandikwa juu ya kifuniko chenyewe, wala lisizidi hapo; katika pikapu hizi ni takriban baa moja, ambayo ndiyo inayoyazuia maji matupu yasichemke mpaka karibu na nyuzi 120. Mshale wa geji ukitulia kwa robo saa, mzunguko ni mzima, angalau ukiwa wa baridi. Ukishuka, tazama kwanza yale yaonekanayo: pampu ya maji, viungo vya mipira, rejeta kubwa, vizibo vya pembeni mwa injini. Usipoona kitu, ibane mipira miwili ya hita kwa koleo maalumu isiyokata, upande wa injini, karibu na ule ukuta wa bati, ukapampu tena. Mshale ukisimama sasa, ilhali mwanzo ulikuwa unashuka, mvujo uko upande wa pili wa ukuta, na hukumu imekwisha kupita. Ukiendelea kushuka, iache hita, maana haina hatia, ukatafute kwingine. Tanbihi moja tu: mpira uliozeeka ukibanwa hupasuka, na hapo ni heri kuuvua kuliko kuubana.

Asiyekuwa na pampu hiyo asivunjike moyo. Kile kitendo cha mafundi wa pwani, cha kuiunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba na klipu, chaweza kuwa kipimo kizuri mno na cha rahisi. Mtu akikifanya, akakisafisha kioo chake kwa maji ya sabuni, akaendesha gari kwa siku kadhaa, na akiona maji hayapungui na utando haurudi, amejua la kujua pasipo kulipa chochote. Aidha ni njia halali ya kufika nyumbani, au ya kungoja mshahara, mradi hali ya hewa iruhusu.

Sasa nimefika penye kiini cha maneno yangu, nami naomba tukae hapo kidogo. Rejeta ya hita haitoboki kwa uzee mtupu. Kuna magari yaliyoishi miaka 30 na rejeta yake ya kwanza, na kuna mengine ambayo imebadilishwa tena na tena katika mikono ya mtu mmoja. Tofauti yake, mara nyingi, ni maji. Ndani ya injini moja mna chuma, mna alumini, mna shaba, na katika viungo vya rejeta za zamani mna lehemu ya risasi na bati. Na madini mbalimbali yakilowa pamoja katika maji yenye chumvi, hupitishiana umeme kama yanavyofanya ndani ya betri, na madini yaliyo dhaifu ndiyo yanayoliwa. Kulanti imetiwa dawa za kuzuia jambo hili, lakini dawa hizo huchoka, na zile kulanti za kijani za zamani zilikuwa na desturi ya kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, desturi ambayo wengi wetu hatuifuati. Na tufanyayo sisi Afrika Mashariki ni mabaya zaidi, kwani rejeta ikipungua tunajaza maji ya bomba, na bomba likikauka tunajaza ya kisima, na visima vingi vya mwambao vina chumvi hata kwa kunywa havifai. Kila kopo la maji yale linapoingia, kutu ya chuma hulegea ndani ya injini, ikaenda kukwama katika mirija iliyo myembamba kuliko yote; na mirija hiyo imo wapi, kama si katika rejeta ya hita?

Sababu ya pili, ambayo wachache huipima, ni umeme uliopotea njia. Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi ukikatika au ukila kutu, umeme wa taa na feni hutafuta pa kurudia, na kwa kuwa maji ya rejeta hupitisha umeme, baadhi yake huamua kurudia humo, ukawa unaila rejeta usiku na mchana. Chukua mita ya volti, utie ncha moja ndani ya maji ya rejeta bila ya kugusa bati lolote, na ncha ya pili kwenye nguzo hasi ya betri, injini ikiwa inaunguruma na taa na feni zimewashwa. Kiasi kidogo, cha sehemu moja ya kumi ya volti, si neno; lakini mshale ukipita sehemu tatu za kumi, zitafute nyaya za ethi, uzisafishe na kuzikaza, kabla hujaiweka rejeta mpya karibu na gari hilo. Ndipo linakuja shinikizo: kifuniko cha rejeta kisicho na kipimo chake, ama gasketi ya hedi iliyofungua njia kwa moshi wa silinda kuingia katika maji, hupandisha shinikizo hata mshono dhaifu ukaachia. Moshi huo hupimwa kwa dawa ya rangi ya samawati ambayo, ikivutiwa hewa iliyo juu ya maji ya rejeta, hugeuka manjano iwapo moshi umo.

Kwa hiyo rejeta iliyotolewa isitupwe kabla haijasomwa. Iosheni, muipeleke juani, mtazame. Ikiwa kwenye mishono mna ganda la kijani na jeupe, gumu, linalobanduka kwa ncha ya kisu na kuacha chini yake kitobo kidogo, jueni ni kutu na chumvi. Ikiwa matangi yake ya pembeni yamevimba na mshono umefunguka kwa urefu, lililofanya hivyo ni shinikizo. Ikiwa ndani ya chuchu zake mna tope jekundu la kutu, basi tope hilo hilo lingali limebaki ndani ya injini, linaingojea ile mpya.

Najua mmoja wenu anawaza juu ya zile dawa za kuziba zinazomiminwa katika rejeta, na mwingine anakumbuka yai na pilipili manga. Porini, mbali na watu, na usiku umeingia, mwenye yai na atie yai, Mungu atamjalia afike. Lakini kuifanya hiyo kuwa tiba ni kujitafutia maradhi mengine, kwa sababu kinachoziba tundu hakina akili ya kuchagua. Huziba vile vile mirija iliyo mizima, na mwenye gari ambaye juzi alikuwa na hita inayovuja, leo ana hita isiyopata joto na injini inayochemka. Nasema hayo kwa yakini, wala sitaki yafichike.

Kama rejeta ni ya shaba, mafundi rejeta wetu wa mjini, wale wanaokaa na jiko la mkaa na bilauri ya asidi, waweza kuitia lehemu ikarudi katika hali njema. Nao huijaribu kwa kuizamisha katika karai la maji na kuipulizia hewa kidogo, wakangoja viputo. Ustadi wao ni wa kuheshimiwa, na ada yao ni ndogo. Ikiwa ni ya alumini yenye matangi ya plastiki, sioni faida ya kuhangaika nayo. Nunua nyingine, na ukiweza, nayo pia itie karaini kabla hujaifunga, kwa maana kitu kipya dukani si lazima kiwe kizima.

Katika F-150 hizo kazi yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Injini ikiisha kupoa, mwaga maji kwa bomba la chini la rejeta kubwa, uyakinge katika beseni. Kisha nenda kwenye ukuta wa bati upande wa abiria, ambako mipira miwili imeshika chuchu mbili zinazochungulia kutoka ndani. Legeza klipu, na mpira ukiwa umeganda usiusokote kwa nguvu, bali uuchane kwa kisu kwa urefu wake mahali uliposhika chuchu, kwani chuchu ikivunjika maji yaliyosalia humwagikia ndani ya sanduku, na mipira hiyo hata hivyo unakwenda kuibadilisha. Ziba chuchu kwa vizibo. Ndani ya gari tandaza plastiki na taulo kuukuu sakafuni, vua kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria, na nyuma yake utakiona kifuniko cheusi cha plastiki kilichoshikwa na skrubu ndogo. Kikikataa kutoka usikilazimishe, maana ipo skrubu uliyoisahau, na plastiki iliyokaa miaka hiyo yote katika joto na baridi huvunjika kwa hasira ndogo tu. Kifuniko kikitoka, rejeta ndiyo hiyo mbele yako. Ivute taratibu ije kwako, ikiwa sawasawa, hadi chuchu zitoke katika matundu ya ukuta.

Hapo wengi huharakisha, nami nawasihi msiharakishe. Lioshe lile sanduku, utoe majani makavu na vumbi lililogandamana na kulanti, la sivyo harufu haitaondoka hata ukitia rejeta kumi. Zitazame zile sponji zilizozunguka rejeta ya zamani. Sponji hizo ndizo zinazoilazimisha hewa ipite katikati ya vibati, na zisipohamishiwa kwenye mpya, au zisipotiwa nyingine, hewa hupita pembeni, na mtu akalalamika kwamba amenunua rejeta mbovu. Na kabla mipira mipya haijaungwa, safisha injini na rejeta kubwa kwa maji mengi, upeleke maji mbele na kuyarudisha nyuma, mpaka yatoke meupe. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kuifunga rejeta yenyewe, na ndiyo kazi iliyo na thamani kubwa kuliko zote za siku hiyo.

Si kila pikapu ina ukarimu wa namna hii. Katika Dodge Ram za 1994 hadi 2001 sanduku zima la hita na kiyoyozi hutolewa, dashibodi ikashushwa, na gesi ya kiyoyozi ikanyonywa kwanza kwa mashine, kwa kuwa haifai kuachwa iende hewani. Huko, asiye na vifaa na nafasi ni bora ampe fundi.

Kwa kujaza, changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, ambayo hustahimili baridi hadi takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Usichanganye kulanti za namna mbili usizojua zinapatana. Wanaokaa nyanda za juu wasidhani mchanganyiko huo ni wa Wazungu wa theluji peke yao, kwani kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji matupu yasiyoshinikizwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kifuniko kilicholegea huko ni msiba. Weka swichi ya hita kwenye moto, washa injini kifuniko kikiwa wazi, uongeze maji kwa kadiri hewa inavyotoka, mpaka thamostati ifunguke na mipira yote miwili ya hita iwe moto mkononi. Kisha funga, uiache injini ifikie shinikizo lake, na kile kifuniko cheusi cha ndani usikirudishe bado. Weka karatasi nyeupe chini ya rejeta mpya, ukangoje. Zulia linyanyue lote, maana chini yake mna sufi inayoshika unyevu kwa majuma, na sakafu ya bati huliwa na kutu pasipo mtu kujua. Kioo kioshe kwa sabuni zaidi ya mara moja.

Kulanti ya zamani isimwagwe uani. Mbwa na mbuzi huufuata utamu wake wakanywa, na kiasi kidogo huwaua. Itieni katika dumu lenye kizibo, mliandike, mlipeleke kwa wanaopokea mafuta machafu na takataka za gereji, na mpaka siku ya kulipeleka liwekeni mahali mtoto hafiki.

Siku chache za mwanzo, fungua boneti asubuhi kabla ya kuwasha, utazame kiasi cha maji, na zile klipu mpya uzikaze tena, kwa kuwa mipira mipya hulegea kidogo baada ya kupata joto. Maji yakishuka mara ya kwanza, hiyo ni hewa iliyokuwa imejificha, ongeza. Yakizidi kushuka, ilhali karatasi yako ndani ni kavu na chini ya gari ni kukavu, basi huenda maji hayo yanaingia ndani ya silinda, na hiyo ni habari ya gasketi ya hedi, ambayo tukijaliwa tutaizungumza juma lijalo, saa kama hii.